MTAMBO UMFUATE MTU, SI MTU AUFUATE MTAMBO

Hapana anayebisha leo kwamba kompyuta imeingia katika uendeshaji wa Serikali na kwamba haitatoka tena. Vyeti, leseni, kodi, maombi ya mikopo ya elimu ya juu na malipo ya huduma mbali mbali, yote hayo ama yamekwisha kuhamia katika mitambo ama yamo njiani kuhamia. Hata Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, iliyohesabu wakaazi 1,889,773 katika Zanzibar, ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Sisi tunaunga mkono maendeleo hayo, kwani taifa lisilokwenda na wakati huachwa na wakati. Lakini liko jambo moja ambalo halijazungumzwa vya kutosha katika vikao vya watendaji wetu, nalo ni hili: baina ya mwananchi na mtambo, nani anayepaswa kumfuata mwenziwe?

Kila mtambo una uso wake. Uso huo ni maneno yanayotokea juu ya kioo, vitufe vya kubonyeza, orodha ya kuchagua, maswali ya kujibu, na majibu ambayo mtambo humrejeshea mtu. Wataalamu wa lugha wameuita kiolesura. Sisi hapa tutasema uso wa mtambo, maana hapo ndipo mtu na mtambo wanapotazamana. Iko taaluma nzima inayochunguza namna ya kuutengeneza uso huo, na katika 1998 Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, liliweka kipimo chake kwa maneno machache. Mtambo unaofaa kutumika ni ule ambao watu waliokusudiwa, kwa kazi waliyokusudia na katika mazingira yao, huweza kuifikia haja yao kwa ukamilifu, bila ya kupoteza nguvu na wakati, na wakatoka wameridhika. Yafaa ikumbukwe kwamba kipimo hicho hakisemi lolote juu ya bei ya mtambo wala uzuri wa sherehe ya kuuzindua. Kinauliza tu kama yule aliyetengenezewa ameweza.

Kwa bahati mbaya, mazoea yaliyoenea katika afisi nyingi ni kinyume cha hayo. Mwananchi akishindwa kujaza fomu ya mtandaoni, mara husemwa kwamba hakusoma, au kwamba ni mzee, au kwamba watu wa shamba wana taabu. Hukumu hiyo hutolewa upesi na aghalabu hutolewa na mtu ambaye mwenyewe hajapata kuijaza fomu ile hata siku moja. Huo ni umangimeza uliovaa nguo mpya. Umangimeza wa zamani ulikaa nyuma ya dirisha ukamwambia mwananchi arejee kesho. Huu wa sasa hukaa nyuma ya kioo, humwambia mwananchi kwamba "ombi lako halikufanikiwa", wala haumwambii kwa nini wala afanye nini. Wa zamani angalau ulikuwa na sura ya mtu wa kugombana naye.

Sisi tulioanzia chuoni kabla ya kuingia skuli tunalo somo la kale katika jambo hili. Maandishi ya Kiarabu hapo mwanzo hayakuwa na irabu, na baadhi ya herufi zilifanana umbo bila ya nukta za kuzitenganisha. Aliyezaliwa na lugha ile alisoma bila ya shida. Walipoingia katika Uislamu watu wa mataifa mengine, makosa ya kusoma yakazidi. Wanazuoni wa zama zile wangeliweza kusema kwamba wageni wale ni wazito wa kufahamu, wakaishia hapo. Hawakusema hivyo. Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyeishi katika karne ya kwanza ya Hijra, hukumbukwa kuwa ndiye aliyeanza kutia alama za irabu, na katika karne ya pili Al-Khalil bin Ahmad akazipa sura iliyo karibu na hii tuijuayo. Msomaji alipokosea, wao waliyatengeneza maandishi. Mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni ambaye leo anasoma herufi zile bila ya kukijua Kiarabu ananufaika na uamuzi huo uliopitishwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita.

Wataalamu wa mitambo walilifikia somo hilo hilo kwa njia ya hasara. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Marekani za aina ya B-17 zilikuwa zikiharibika kwa namna ya kushangaza. Rubani huishusha ndege salama, kisha ikiwa tayari iko ardhini huyakunja magurudumu badala ya kuyakunja mabapa ya mbawa, na ndege ikalalia tumbo. Kosa likaandikwa kuwa la rubani. Mwanasaikolojia mmoja, Alphonse Chapanis, alikwenda kukitazama chumba cha rubani chenyewe. Akakuta swichi mbili zinazofanana kabisa, zimekaa ubavu kwa ubavu, moja ya magurudumu na ya pili ya mabapa. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kipini cha magurudumu kitiwe umbo la gurudumu, na kile cha mabapa kitiwe umbo la bapa, ili mkono ujue unashika nini hata kama macho yako kwengine. Mpaka leo mpini wa magurudumu katika ndege za abiria una umbo la gurudumu. Marubani hawakubadilishwa, kilichobadilishwa ni kile kilichokuwa kikiwakosesha.

Kwa vile sisi ni watu wa visiwa, tunapenda pia kuwakumbusha wasomaji yaliyowakuta wana visiwa wenzetu wa Hawaii, ambao idadi yao, kiasi cha milioni moja na laki nne, haiko mbali sana na yetu. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, saa 2 na dakika 7, simu za wakaazi wa visiwa vile zilipokea ujumbe wa Serikali kwamba kombora linakuja, watu watafute mahali pa kujificha, na kwamba hayo si mazoezi. Wazazi waliwaingiza watoto wao katika mashimo ya maji ya barabarani, na watu wakapigiana simu za kuagana. Hapakuwa na kombora lolote. Ujumbe wa kusahihisha kwa njia ile ile ya simu ulichukua dakika 38 kufika.

Afisa aliyeutuma ujumbe ule aliachishwa kazi. Ni kweli kwamba yeye alidhani anaona shambulio la hakika, kwani hata maneno ya mazoezi yenyewe yalikuwa yamepangwa vibaya. Lakini Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipochunguza, ilikuta mengi zaidi ya kosa la mtu mmoja. Ujumbe wa majaribio na ujumbe wa kweli vilitumwa kutoka katika mtambo mmoja na orodha moja. Mtambo ulipomwuliza afisa kama ana hakika, ulimwuliza kwa maneno yale yale, ikiwa anafanya mazoezi au anatangaza vita. Mtu mmoja peke yake aliweza kuutuma ujumbe kwa mamilioni bila ya mwenziwe kuthibitisha. Wala hapakuwa na ujumbe wa kusahihisha uliokwisha tayarishwa. Kumfukuza yule afisa kusingeliondoa hata moja katika kasoro hizo. Angekaa mwengine kwenye kiti kile kile, mbele ya orodha ile ile, na swali lile lile lingemngojea.

Na tusidhani kwamba mifano mizuri iko ng'ambo tu. Mfano mmoja mkubwa ulitokea hapa hapa Afrika Mashariki, nao ni M-Pesa. Majaribio yake yalipoanza nchini Kenya katika 2005, mtambo ule ulikusudiwa kwa ajili ya watu kulipia mikopo midogo midogo. Watengenezaji waliwatazama wateja wachache wa majaribio na wakagundua kwamba watu walikuwa wakiutumia kwa haja zao wenyewe, hasa kupelekeana pesa. Wangeliweza kuwakemea wateja kwa kuutumia mtambo kinyume cha maagizo. Badala yake waliyaweka kando mambo magumu ya mikopo, wakabakisha kile walichokiona kinatakiwa, na huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi wa Machi 2007 ilikuwa ni huduma ya kumtumia jamaa fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Ilifanya kazi katika simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, kwa orodha fupi ya namba: chagua, weka namba ya mpokeaji, weka kiasi, weka namba ya siri. Mama muuza urojo ambaye hajapata kukaa mbele ya kompyuta aliimudu. Leo katika huduma nyingi za aina hiyo jina la mpokeaji hutokea kabla ya fedha kuondoka, na jambo hilo dogo limeokoa fedha nyingi za watu wanyonge zisipotelee kwa watu wasiowajua.

Jambo linalotushughulisha hapa ni haki za wananchi. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa Pensheni Jamii wazee waliotimiza umri wa miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama mzee aliwahi kuajiriwa au alikuwa mkulima, mvuvi au mama wa nyumbani. Huo ni uamuzi ambao visiwa vyetu vina haki ya kujivunia. Basi fikirini mzee wa aina hiyo, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi madogo na vidole vyake vimekakamaa kwa miaka ya kuchuma karafuu, anapoambiwa kwamba huduma fulani sasa inapatikana mtandaoni tu. Asipoweza, atamwita kijana wa jirani na kumpa namba yake ya siri. Au atakwenda duka la steshenari ajaziwe fomu kwa malipo, na neno lake la siri libaki kwa mwenye duka. Au ataangukia mikononi mwa kishoka. Au atarudi nyumbani na kunyamaza. Katika kila njia ya hizo, haki aliyopewa na Serikali kwa mkono wa kulia itakuwa imechukuliwa na uso wa mtambo kwa mkono wa kushoto, na hapana ripoti yoyote itakayoonyesha kwamba amedhulumiwa. Mtambo utahesabu waliofanikiwa. Aliyekata tamaa hahesabiwi.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuwafundisha wananchi. Sisi hatupingi mafunzo. Elimu haina mwisho. Lakini na tupige hesabu. Ikiwa fomu moja inampotezea kila mtu dakika 10 kwa sababu ya swali lisilofahamika, na watu 10,000 wanaijaza, zimepotea dakika 100,000, nazo ni zaidi ya saa 1,660, yaani siku zaidi ya 200 za kazi ya saa nane. Kulirekebisha swali lile ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi mmoja. Hapana uchumi unaomruhusu mtu kuwafundisha watu 10,000 namna ya kupita katika mlango uliokaa upande, ilhali fundi wa kuunyoosha mlango yupo na analipwa mshahara.

Wako pia watakaosema kwamba mitambo hii imenunuliwa nje, au imekuja na msaada, na kwamba mkataba umekwisha kutiwa saini. Jibu letu ni kwamba anayelipa, na hata anayepokea, anayo haki ya kusema anataka nini. Kujitegemea si kutengeneza kila kitu kwa mikono yetu. Ni kutokubali kuvishwa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwengine.

Kwa hivyo tunapendekeza kwa watendaji wa wizara, mashirika na serikali za mitaa mambo matano, ambayo hayahitaji bajeti mpya wala safari ya ng'ambo.

Kwanza, pasipokelewe mtambo wowote wa kuwahudumia wananchi mpaka wananchi wenyewe wameujaribu. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu katika 1993 kwamba watu watano tu wakijaribu, aghalabu hufichua kiasi cha asilimia 85 ya kasoro zilizomo. Basi wachaguliwe watano wa mjini, watano wa shamba Unguja na watano wa Pemba, na miongoni mwao awemo mzee, awemo mwenye uoni hafifu na awemo asiyejua Kiingereza. Wapewe kazi ya kweli waifanye, na msimamizi akae kimya, asimwelekeze mtu kwa kidole, aandike tu wapi kila mmoja amekwama. Kasoro zirekebishwe, kisha wajaribu wengine. Na malipo ya mwisho ya mkandarasi yangojee matokeo hayo.

Pili, Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya kwanza ya mtambo, si tafsiri ya kubandikwa siku ya mwisho. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Itakuwa aibu mwenye lahaja hiyo ashindwe kuhudumiwa kwa lugha yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya afisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwa hivyo asitokee wa kusema kwamba haiwezekani. Lakini na tuwe waangalifu: Kiswahili kigumu kinaweza kumfungia mtu mlango sawa na Kiingereza. Kumwandikia mtu "hitilafu ya uthibitishaji wa utambulisho" si kumsaidia. Aandikiwe hivi: "Namba ya siri uliyoweka si sahihi. Jaribu tena. Umebakiwa na mara 2." Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, liko karibu, liombwe liyapitie maneno hayo kabla hayajawafikia watu.

Tatu, mtambo useme kweli juu ya hali ilivyo. Katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, iliyozidisha balaa ilikuwa ni taa moja. Ilipozimika, wafanyakazi walifahamu kwamba vali imefungwa, kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa, na vali yenyewe ilikuwa bado wazi. Vivyo hivyo, mwananchi aliyelipa aambiwe kama fedha zimefika, si kama ombi limetumwa. Mtandao ukikatika katikati, aambiwe kama alipe tena au asilipe. Na penye jambo kubwa lisilorudi nyuma, aonyeshwe kwanza anachokaribia kukifanya, apate nafasi ya kusahihisha.

Nne, mtambo upimwe kwa simu na mtandao wa wananchi, si kwa kompyuta ya mkurugenzi. Fomu inayofunguka vizuri katika afisi yenye kiyoyozi Mjini huenda isifunguke Kojani. Alichokwisha kukijaza mtu kihifadhiwe, asianze upya kila mtandao unapopotea. Huduma za lazima zipatikane pia kwa njia ya nyota na reli katika kitochi. Na mpaka hapo kila mtu atakapoweza, dirisha lenye mtumishi lisifungwe.

Tano, kila afisi iweke daftari la kukwama. Kila mwananchi anayekuja kuomba msaada kwa sababu mtambo umemshinda, aandikwe: alikuwa anafanya nini, na amekwama ukurasa gani. Mwisho wa mwezi daftari hilo lipelekwe kwa mafundi, na mwezi unaofuata mafundi waeleze wamerekebisha nini. Masheha wetu, ambao huyasikia malalamiko haya kabla ya mtu mwengine yeyote, wapewe njia ya kuyafikisha.

Juu ya hayo matano tunaongeza ombi moja kwa viongozi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila mkuu wa taasisi, kabla hajakata utepe wa kuzindua mtambo, akae peke yake, bila ya karani wala fundi, na simu ya kawaida mkononi, aombe huduma ya taasisi yake kama aombavyo mwananchi. Ikiwa amefika mwisho bila ya kumwita mtu, basi na azindue. Ikiwa amekwama, asione haya. Ajue kwamba palipomkwamisha yeye patawakwamisha maelfu, na aahirishe uzinduzi mpaka pamenyooshwa.

Mapinduzi ya 1964 yalifanywa ili mnyonge wa visiwa hivi asisimame tena nje ya mlango akingoja huruma ya mwenye ufunguo. Mlango wa leo una sura ya kioo, na ufunguo wake ni maneno machache na vitufe vichache vinavyopangwa na watu tunaowalipa wenyewe. Wizara na mashirika yanayotayarisha mikataba ya mitambo hivi sasa yanayo nafasi ya kuutia sharti la majaribio ya wananchi kabla ya saini kukauka. Tunayaomba yaitumie.